MAMBO YA NYUMBANI: Pai ya Matunda na Daftari la Jumamosi



Mwezi uliopita katika ukurasa huu twalizungumza habari za dumuzi na mahindi ya ghalani. Mwezi huu nataka kunena habari za pai za matunda. Najua wako watakaocheka na kuuliza, Mwalimu wa dini ana nini na unga wa ngano? Jibu langu ni hili, kwamba nina deni nyumbani mwangu, na sehemu moja ya kulilipa ni kuyaandika maneno haya mahali ambapo binti yangu atayasoma pamoja nanyi.

Sisi hukaa katika milima ya Usambara, pande za Lushoto, penye baridi ya kutosha kuzaa matunda ambayo watu wa pwani huyaona sokoni tu: plamu, peasi, pichi, na matofaa machache. Kutoka nchi ya chini huletwa maembe na mananasi. Majira ya plamu yakifika huiva zote pamoja, kama wageni wa arusi wasiojua kupishana mlangoni. Ndoo hujaa kando ya njia, bei huanguka, na zile zilizochubuka hutupwa. Nyumba yenye miti minne ya plamu, kama yetu, hushiba siku tatu, na siku ya nne watoto wamekwisha kuzikinai. Lakini plamu iliyochubuka haina kosa lo lote ndani ya pai. Peasi ngumu ambayo jino halitaki kuigusa, moto wa pai huilainisha. Embe bichi lenye ukali, likikatwa vipande vyembamba na kutiwa sukari na mdalasini, hukaa mahali pa tofaa bila kuona haya.

Kwa wasioijua, pai ni matunda yaliyofunikwa kwa unga wa ngano uliofikichwa na siagi, yakaokwa hata kifuniko kikawa chekundu na chepesi, chenye kuvunjika mdomoni. Wengi hudhani ni chakula cha Wazungu, tena cha wenye tanuri la umeme. Ni kweli kwamba Waingereza walikuwa na maandiko ya kuoka pai za matofaa tangu karne ya 14, na kwamba katika Marekani kitabu cha upishi cha Amelia Simmons, kilichopigwa chapa mwaka 1796, kina pai za matofaa ndani yake. Lakini tofaa lenyewe asili yake ni milima ya Asia ya Kati, embe ni la Bara Hindi, nanasi ni la Amerika ya Kusini, na karafuu hutoka hapa jirani, Unguja na Pemba. Tena Wamarekani wengi, wakitaka maji ya matunda yagande ndani ya pai, hutia wanga wa muhogo. Basi sioni ni nani awezaye kusema kwamba pai ni mali yake peke yake.

Sasa nisimulie deni langu.

Binti yetu alimaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba, akarudi nyumbani kungoja majibu. Katika mizigo yake lilikuwamo daftari, na ndani yake alikuwa amenakili mapishi ya pai kutoka kwa mwenzake wa bwenini. Desemba plamu zilipoiva, akaniomba unga na siagi, nikampa. Pai ya kwanza siagi iliyeyuka kabla ya kuingia motoni, maana aliiweka karibu na meko, na kifuniko kikatoka kama ngozi iliyopakwa mafuta. Twaliila kwa kijiko, tukanyamaza. Pai ya pili ikaangukia Jumamosi ambayo wazee wa usharika walikuja kwetu baada ya mkutano. Akaileta mezani kwa furaha. Kisu kikateleza juu yake. Mzee mmoja, mtu mwenye adabu sana, nalimwona akificha kipande chake ndani ya leso. Nami, mbele yao wote, nikasema, "Unga huu ungalitosha chapati za siku mbili."

Hakujibu neno. Aliiondoa sahani, akaosha vyombo, na kijiti cha kusukumia kikarudi rafuni. Plamu zilizobaki zikaoza chini ya miti. Hata mwisho wa Januari hakugusa unga wa ngano ila kwa maandazi ya asubuhi.

Jioni moja nalikuwa najizoeza kupiga wimbo mpya katika kinanda, nikikosea mahali pale pale mara nyingi. Mama watoto akaacha kuchambua mchele, akaniuliza, "Baba, kinanda hiki ulikianza lini?" Nikamwambia, nilipokuwa na miaka 19, chuoni. "Na watu wakaweza kukuimbia lini?" Nikafikiri, nikasema, "Labda baada ya miaka miwili." Akasema, "Katika ile miaka miwili, je, yuko aliyekuambia kwamba upepo wa mivukuto unapotea bure?" Nikajitetea kwamba upepo haununuliwi, bali unga hununuliwa. "Na siku za mwalimu wako zilikuwa hazina bei?" Kisha akaongeza, kama asemaye na mchele wake, "Mwanzo wa ngoma ni lele."

Nalilala vibaya usiku ule. Shuleni mtoto akiharibu karatasi ishirini kwa kujifunza kuandika herufi, nalimsifu kwa ile ya ishirini na moja. Nyumbani mwangu nalihesabu ya pili, nikafunga hesabu.

Asubuhi nalimwita binti yangu nikamwomba radhi. Alisikiliza akitazama chini, akasema, "Sawa, baba," kwa sauti ile ambayo wazazi wote wanaijua, isiyo ya sawa. Maneno hayakutosha. Basi twalikaa watu watatu tukapatana hivi: unga na mafuta ya maandazi ya kila Jumamosi yageuzwe kuwa unga na siagi ya pai, na siku ile tunywe chai kwa viazi vitamu, pai iwe ndogo, na mimi mwenyewe nisimame jikoni kila Jumamosi, nioke pamoja naye. Sharti hili la mwisho lilikuwa lake. Nadhani alitaka nionje kushindwa, na nalionja vya kutosha.

Nitawaeleza jinsi tulivyofanya, ili nanyi msianzie shimoni tulikoanzia.

Shikeni kanuni moja: siagi iwe nusu ya uzito wa unga. Kwa pai ndogo twaa unga wa ngano gramu 200, siagi gramu 100, chumvi nusu ya kijiko cha chai, na maji baridi vijiko vya chakula 3 au 4. Majuma ya kwanza msiweke unga chini ya matunda. Jazeni matunda katika bakuli la bati, mfunike juu tu. Unga wa chini ndio ulio mgumu kuivisha, na mwanafunzi asipewe mtihani wa mwisho siku ya kwanza. Hayo hayakuwamo katika daftari la bwenini, na ndiyo yaliyotuponza.

Jambo kubwa la pili ni baridi. Siagi iwe ngumu, na maji yawe ya mtungi, maana mtungi hutoa jasho na jasho hilo huyapoza. Okeni asubuhi mapema, kabla jua halijaingia jikoni. Asiye na friji aifunge siagi vizuri, aiweke usiku kucha katika chombo kinachoelea juu ya maji baridi. Sisi milimani tuna msaada wa hewa; ninyi mnaokaa Tanga mtaamka saa kumi na moja.

Kata siagi vipande vidogo ndani ya unga, ukafikiche kwa ncha za vidole. Usitumie kiganja, kwa kuwa kiganja kina moto. Acha mara ionekanapo kama chembe za mchele, na vipande vingine vikubwa kama kunde vimesalia. Usivihurumie vile vya kunde ukaendelea kufikicha. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi. Siagi ikibaki vipande, husukumwa ikawa tabaka nyembamba kati ya unga na unga. Ikikutana na moto mkali, huyeyuka, na maji yaliyomo hugeuka mvuke, mvuke ukazisukuma tabaka ziachane. Hapo ndipo wepesi wa pai unapotoka. Siagi ikiyeyuka mapema, unga huinywa yote, na hakuna tena kitu cha kuachana na kitu.

Kisha tia maji kijiko kimoja kimoja, ukikusanya donge. Likishikamana, acha. Usikande.

Hapa ndipo akina mama wetu wanapokwama, nami nataka kukaa kidogo. Mwanamke aliyepika chapati miaka ishirini mikono yake inajua jambo moja, kwamba unga usiokandwa ni uvivu. Na kwa chapati ni kweli. Ngano ina kitu ndani yake ambacho, kikilowa na kukandwa, hufungamana kama nyuzi za ukindu, na chapati huhitaji nyuzi hizo ili isukumwe nyembamba bila kuraruka. Lakini nyuzi zile zile hulifanya gamba la pai kuwa gumu kama kiatu. Binti yangu alijua kukanda kwa sababu mama yake alimfunza vizuri, na ile pai ya pili, ambayo nilimwaibisha kwayo, ilikuwa kazi ya mkono hodari katika mahali pasipo pake. Hakukosa bidii. Bidii ndiyo iliyoiharibu. Mimi nisiyejua chapati nalifanya pai laini zaidi yake katika majuma mawili ya mwanzo, jambo lililomkasirisha sana, akanipita juma la tatu, na sikumkamata tena.

Donge likusanywapo, lifunikeni kwa kitambaa kibichi mahali pa baridi nusu saa, ili nyuzi chache zilizokwisha kufungamana zilegee. Msipolipumzisha, kifuniko hujivuta motoni kikaacha matunda wazi ukingoni. Kisha sukumeni kutoka katikati kwenda nje, mkiligeuza kidogo kidogo. Toboeni matundu matatu juu, mvuke upate njia.

Matunda: plamu toeni kokwa, mkate vipande vinne, mtie sukari kwa ukali wake na kijiko kimoja cha unga au cha wanga ili maji yake yagande. Nanasi lina maji mengi mno. Lipikeni kwanza katika sufuria hata maji yapungue, kisha lipoe kabisa kabla ya kufunikwa, maana matunda ya moto huyeyusha siagi ya kifuniko. Peasi zitiwe maji ya ndimu na iliki. Mapera ni mazuri, ila kazi ya kutoa mbegu itakutafutia ugomvi na watoto.

Juu ya moto sina mengi, kwa kuwa wanawake wa pwani waliokwisha kuoka mkate wa kumimina watanifunza mimi. Twaa sufuria kubwa nzito, utie mchanga mkavu vidole viwili, uipashe moto na kifuniko chake, ndipo uweke bakuli juu ya mchanga, ufunike kwa bati bapa na kupalia makaa juu. Kwa pai ya kifuniko tu, makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kabla ya kuiweka, nyunyiza unga kidogo katika kisahani cha bati ndani ya sufuria. Ukigeuka hudhurungi polepole, moto unafaa. Ukiwa mweusi upesi, punguza. Pai yetu ndogo huchukua kama dakika 40. Wenye tanuri la umeme au la gesi waanze na nyuzi 200 za sentigredi kwa dakika 20, kisha 180 hata rangi ikubali. Na ikitoka, ipoe saa mbili kabla ya kukatwa. Ukiikata ya moto, maji yote hukimbilia sahanini, nawe utadhani umekosea kupika, kumbe umekosea kungoja.

Hayo yote yaandikika. Sasa niseme habari za yasiyoandikika, ambayo kwayo twaliweka daftari.

Kila Jumamosi tuliandika tarehe, tunda, vijiko vya maji, hali ya moto, na lililotokea. Maneno yetu yalikuwa mafupi. "Juma la 3. Nanasi. Maji vijiko 4. Juu imeungua, pembeni mbichi. Baba alifunua mara sita." Ni kweli, nalifunua mara sita, na kila mara moto ulitoka. "Juma la 4. Peasi. Baba hakuruhusiwa kufunua. Afadhali."

Juma la tano twalijiona wajuzi. Tukabadili unga, tukaongeza siagi, tukahamisha sufuria kwenye jiko lingine, yote siku moja. Pai ikatoka nzuri kuliko zote, na juma la sita hatukuweza kuirudia, maana hatukujua ni lipi kati ya matatu lililotusaidia. Binti yangu akaandika kwa herufi kubwa katika jalada la daftari: JAMBO MOJA TU KWA JUMA. Tangu siku ile, tukibadili maji, hatukugusa moto. Tukibadili moto, hatukugusa maji. Twaligundua kwamba ilikuwa jiko.

Juma la saba twaliweka unga wa chini kwa mara ya kwanza, tukitumia sahani ya bati badala ya bakuli, na kuongeza makaa ya chini dakika kumi za mwanzo. Ilikuwa njema kwa kadiri. Juma la nane ikawa mbaya kuliko ya Desemba. Masika yalikuwa yameanza, makaa yalikuwa na unyevu, moto ukawa wa kusinzia, na chini ya pai ukabaki uji. Nalitaka kusema neno, nikakumbuka, nikala. Juma la tisa palikuwa na msiba kijijini, hatukuoka. Msistaajabu mkirudi nyuma hivi. Katika kinanda pia nakumbuka mwezi mzima ambao vidole vyangu vilikuwa vibaya kuliko mwezi uliotangulia, na sikuharibu kitu cho chote.

Lakini katika juma la kumi naliona jambo. Binti yangu alikuwa akitia maji huku anazungumza na mdogo wake, bila kutazama kijiko, akaacha ghafula. Nikamwuliza, "Ni vijiko vingapi?" Akasema, "Sijahesabu, baba. Umetosha." Nikalishika donge, na kweli lilikuwa limetosha. Siku ile unga ulikuwa umeshika unyevu wa mvua, ukahitaji maji pungufu, na mkono wake ulijua kabla ya kichwa chake. Hili hakulipata katika mapishi ya bwenini, wala mimi siwezi kuwapa ninyi hapa, hata nikiandika kurasa kumi. Laja kwa kushika donge lile lile Jumamosi baada ya Jumamosi, lililo baya na lililo jema.

Walimu wenzangu waliouliza kama jambo hili lafaa shuleni, nasema lafaa, ila msifanye onyesho la siku moja ambapo mwalimu anaoka na watoto arobaini wanatazama. Wagaweni makundi, kila kundi na pai yake ndogo na daftari lake, kwa majuma manane au kumi. Pasipo unga wa kutosha, makundi yaoke kwa zamu.

Juma la kumi na mbili alioka pai ya peasi za mwisho. Kifuniko kililia chini ya kisu kama jani kavu, na unga wa chini ulikuwa umeiva hata katikati. Nikasema, na tuwaalike wale wazee Jumamosi ijayo, waionje. Akafikiri kidogo, akajibu, "La, baba. Jumamosi ni ya daftari. Wageni watakula siku nyingine." Mama yake akageuka dirishani, nadhani alikuwa akicheka. Basi twaliila wenyewe, na yule mdogo wake akalamba sahani.

Majibu yake yalikuwa mema, na mwezi wa Julai amekwenda kuanza kidato cha tano. Daftari ameniachia mimi. Mara mbili nimeoka peke yangu. Ya kwanza niliiunguza, ya pili twaliila bila kuitetea. Katika barua yake ya juzi, baada ya salamu na maombi ya sabuni na kalamu, ameuliza neno moja tu juu ya jikoni: "Baba, chini inaiva?" Sijamjibu bado. Jumamosi ijayo ni nanasi, na makaa nimekwisha kuyaanika.